Sehemu ya Kwanza Niliyoangalia na Wageni

Jumamosi, Adelphi, Marekani. Mvua tangu asubuhi, na mimi sijielewi.

Leo imetoka sehemu ya kwanza ya tamthilia mpya ya wapiganaji wa Roma, inayosimulia mambo ya kabla ya ile ya zamani. Ile ya zamani niliiangalia Kericho na kakangu Kiprop, tukigombania kiti chenye mto. Wiki hii Kiprop alikuwa amelazwa, amepasuliwa tumbo. Mchana nilimwandikia: inaanza leo, usithubutu kuiona bila mimi. Ujumbe haukufika. Nikasema amezima simu apumzike.

Saa kumi wakabisha Mama Ciru na akina mama wawili wa kanisa letu, na chapati na chupa ya chai. Nilifurahi kama mjinga. Huku mtu hakutembelei bila kupanga wiki mbili kabla. Nikadhani nimekumbukwa tu.

Nikawakalisha mbele ya TV. "Kaeni tuwatch," nikawaambia. "Huyu mrefu msimzoee sana. Mimi niliiona ile ya zamani, najua atakufa, yeye ndiye hajui."

Hakuna aliyecheka. Mama Ciru aliangalia chini. Mimi nikaendelea kuwaeleza nani atamsaliti nani, mdomo haufungi, hadi umati wa uwanjani ulipoanza kushangilia.

"Mama Brian, zima TV," Mama Ciru akasema. "Watu wa kwenu wametutuma."

Kwetu habari hiyo hupewi kwa simu ukiwa peke yako. Hutafutwa watu waje wakae nawe kwanza. Mwaka jana mimi mwenyewe nilibeba chai hadi Greenbelt, kwa mwenzetu aliyefiwa na mamake. Ile chupa ingetosha kuniambia.

Haikuniambia kitu.

Kiprop alikufa alfajiri. Nilipomwandikia alikuwa mochari tayari, na hawa walikuwa wanajua tangu asubuhi. Nusu saa nzima walinivumilia nikibwabwaja juu ya kifo cha mtu wa kuigiza. Naona aibu, na najichukia kwa kuona aibu siku kama hii.

Karatasi zangu za kuishi huku hazijatoka. Nikienda kumzika, sitarudi kwa mwanangu. Kwa hivyo siendi.

Wageni wameondoka. Nimewasha TV tena. Yule mrefu bado ni mzima, anakula na wenzake, anacheka. Nimeisimamisha hapo.

Kesho sitaki mtu aiguse.