Kasiksi ya Profesa

Siku ya posho, Jumamosi, mwezi wa tano. Mvua imetunyeshea tangu salongo ya asubuhi, ile kazi ya kusafisha mtaa, mgongo unauma na moyo umechafuka.

Ninaandika kwa sababu neno hili sina wa kumpa. Shule sikuikanyaga. Herufi nilizipata parokiani, mvi zikiwa zimeshatoka, kwa hiyo anayesoma avumilie.

Mjukuu wangu Furaha yuko mwaka wa sita, upande wa hesabu. Mimi namwita mukemwenzangu, maana marehemu babu yake alimpenda kunishinda mimi. Imebaki miezi miwili tu aingie katika egzameni ya Leta, mtihani wa serikali. Baba yake mudogo, anayetulisha, amesema mwaka ni huu tu. Akianguka, aende Rutshuru kupima maharagwe kwenye depo yake. Amesema hivyo huku anakula sombe yangu, hata hakuinua macho.

Na mutoto hana mwalimu. Profesa wake wa hesabu aliacha chaki tangu Noeli. Mshahara haukuja, akaanza kwenda Bunagana, mpakani, kuleta sabuni za kuuza. Furaha alibaki na kitabu kimoja cha Kifaransa, wanakigawana darasa zima, kila mutu siku yake. Siku yake ikifika anakikodolea macho mpaka analia. Analia bila sauti, kama mutu mzima.

Sikuweza kuendelea kuangalia.

Kwetu Masisi, ukitaka watu waje kulima shamba lako unapika kasiksi, pombe ya ndizi. Anayeionja ameshafungwa, lazima afike na jembe. Basi nikakamua ndizi zangu, nikangoja ichachuke, nikabeba kibuyu mpaka kwa yule profesa, huku Katindo. Akafurahi, akanywa, akasifu. Halafu akaacha kucheka.

«Mama, hii ni kasiksi ya shamba?»

«Ndiyo, profesa. Na umeshakunywa.»

Alikuja leo baada ya salongo, matope mpaka magotini. Akachora kwa chaki kwenye mlango wetu wa mbao: mstari uliopinda kama kilima, na mwingine ulionyooka unaokigusa mahali pamoja tu, kisha unaenda zake. Wanaita derive. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe, lakini macho yangu yalikuwa kwenye uso wa mutoto. Profesa akasema kuna kitu kidogo kinakaribia sifuri, kinakaribia, hakifiki. Nikauliza sasa kinangoja nini, kiitwe kwa tarumbeta? Furaha akacheka mpaka akashika tumbo. Kicheko kile nilikuwa nimeshakisahau.

Halafu akafanya hesabu moja peke yake. Profesa akaangalia, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akafanya nyingine. Uso wa mutoto ukafunguka, mimi nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, wakaniambia ninyamaze.

Nilifikiri mambo haya ni kama shamba. Watu wakiitwa, jua likizama, limekwisha. Ujinga wangu ndio huo.

Nilimsindikiza profesa mpaka barabarani. Hakuniangalia.

«Mama, mutoto ana akili sana. Lakini haya ya leo tulipaswa kuyamaliza zamani. Yanayofuata, ya integrale, hajayaona hata sura, na mtihani umejaa hayo. Mwaka huu hatapita.»

Nikamwambia arudi, basi, kila siku ya posho, nitapika kasiksi mpaka migomba iishe. Akasema kesho anapanda lori ya Bunagana, na ana watoto wanne nyumbani. Nilitaka kumtukana. Nikaangalia viatu vyake vilivyotoboka, tusi likanikatalia mdomoni.

«Basi rudi ndani umwambie mwenyewe.»

«Nimejaribu pale mlangoni, mama. Nimeshindwa. Mwambie wewe.»

Akaenda.

Mimi nilimwambia padri mbele ya watu kwamba mahubiri yake yanalaza wazee. Nilimwambia mkwe wangu kwamba ni mvivu, siku ya harusi yake. Ukweli haujawahi kunikwama. Leo nimerudi ndani, Furaha akauliza profesa amesema nini, nikamjibu amesema una akili sana. Sikudanganya. Nusu nyingine nimeimeza.

Nikimwambia, ataweka chaki chini leo hii, na Rutshuru itamchukua kabla hata hajajaribu. Nikinyamaza, ataingia kwenye egzameni akiamini, na atakapotoka atajua kwamba nilijua. Kipi kati ya hivyo ndicho kumpenda?

Giza linaingia. Yuko mlangoni, anaimba nyimbo za kanisa huku anaandika. Ameniita sasa hivi: «Nyanya, njoo uone, hata ile ngumu imekubali!»

Nimesema nakuja.

Bado nimekaa.