Nani Alikuandikia Sura ya Tatu?

Detroit, mwezi wa Mei

Dada yangu Verlene,

Natumai hamjambo huko Mississippi, na goti la Mama limetulia. Huku baridi imekwisha. Jana nilioka mkate wa mahindi, jirani akaja kugonga mlango kuuliza harufu hiyo inatoka wapi. Akaondoka na nusu yake.

Kwenye simu nilikwambia mtihani ulikwenda vizuri. Sikukueleza yote.

Nilipomaliza kutetea tasnifu yangu ya udaktari, profesa mmoja alifunga nakala yake akaniuliza, "Nani alikuandikia sura ya tatu?" Wenzangu weupe hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo. Nilitamani kuchukua mkoba wangu niondoke. Nikachukua chaki.

"Chagua hesabu yoyote ya sura hiyo, Profesa, niifanye hapa hapa."

Akachagua iliyo ngumu kuliko zote. Nikaifanya, kisha nikamwonyesha njia fupi zaidi niliyoipata baadaye. Akakohoa. "Haya, nimeridhika."

"Mimi bado," akadakia Daktari Pettway, mwanamke mweusi pekee kwenye jopo la watahini. "Kwanza mwombe radhi."

Aliomba, Verlene, ingawa kwa sauti ya chini.

Wakanitoa nje ili washauriane. Mlango ulipofunguliwa nikasikia, "Daktari Broadnax, karibu ndani." Nikageuka kumtafuta huyo daktari mwenye jina la ukoo wetu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Mama msomee kuanzia pale mlango ulipofunguliwa.

Mdogo wako akupendaye,
Rosalind