Bastola ya Sir Ndani ya Buti

Ijumaa, 6 Novemba 2015

Klabuni tena. Kabla hatujatoka Sir, bosi wangu, alikagua mwenyewe, kama kila Ijumaa. Bastola haina risasi. Kasha limefungwa, liko kwenye buti. Risasi kwenye mfuko mwingine. Kibali mfukoni mwake. Halafu hotuba ile ile kwa Kiingereza chake cha taratibu: kibali kina jina lake, kwa hiyo bastola haiendi popote bila yeye. Hata kuvuka tu kwenda Sharjah, emirati ya jirani. Mimi ni dereva tu, namwitikia bila kusikiliza.

Nilisinzia kwenye gari akilenga shabaha na wazee wenzake. Alirudi anaukunja-kunja mkono wa kushoto. Nikamuuliza. "Uzee, Mutheu," akasema.

Nimechoka. Mgongo.

Jumapili, 8 Novemba

Kiharusi. Alianguka msikitini asubuhi. Niliendesha nyuma ya ambulansi na Madam kiti cha nyuma, analia bila sauti. Hospitalini walitutoa nje. Nilikaa mapokezi hadi magharibi.

Sir ni mtu mzuri kwangu. Naandika hivyo kwa sababu hapa si kila mtu anaweza kusema hivyo juu ya arbab, bosi wake.

Jumanne, 10 Novemba

Hospitali, nyumbani, hospitali. Sir hasemi. Macho yanafuata watu.

Wana wa Sir wamejaa nyumbani. Rashid, yule mkubwa mwenye shamba Ras al-Khaimah, anatembea vyumbani kama mtu anayepima nyumba. Wadogo zake hawampendi. Mimi pia simpendi.

Mwanaisha aliniwekea chai na mahamri. Tunaishi chumba kimoja; ni wa Mombasa, anashona abaya mtaa wa Satwa, anarudi chumbani macho mekundu kuliko yangu. Nje, mtaa wetu wote wa Karama ulikuwa unapiga honi.

Ijumaa, 13 Novemba

Ijumaa ya kwanza bila klabu. Nilidhani nitafurahia kulala. Wapi.

Rashid alipiga simu jioni. Kesho nipeleke gari la Sir shambani kwake, fundi wake aliangalie breki. Nimwachie hapo, nitarudishwa na dereva wake. Breki hazina shida yoyote. Nikasema sawa sir. Nani anabishana.

Jumamosi, 14 Novemba

Nitaandika polepole.

Gari lilikuwa tayari getini, ufunguo ndani. Rashid alikuwa ametangulia na gari lake. Nikapita Sharjah, nikashika barabara kuu. Mbele huko nikaingia kituo cha petroli kununua maji. Nikafungua buti niweke katoni.

Kasha lilikuwa pale, limefunikwa blanketi la Madam.

Nililiweka mwenyewe ndani ya nyumba siku ile tuliporudi kutoka klabuni, Sir akalifungia kabatini. Halikurudi kwenye buti kwa miguu yake.

Nikampigia Rashid.

"Sir, kuna bastola kwenye gari."

"Najua. Ni ya baba, itakaa kwangu. Endelea."

"Kibali si changu. Sir mwenyewe hayupo."

"Nani atasimamisha gari la baba? Yalla, endesha, Mutheu."

Akakata. Ndipo nikaelewa. Ingekuwa haina shida angeibeba kwenye gari lake. Ikikamatwa, imekamatwa na dereva Mkenya. Anataka kuitoa nyumbani kabla wadogo zake hawajakumbuka kuwa ipo.

Nikafikiria kugeuza nirudi. Lakini kurudi ni barabara ile ile, na Sharjah katikati, na mimi peke yangu na bastola. Kusonga mbele vivyo hivyo. Kila kilomita ni kosa langu.

Nilimpigia Mwanaisha. Akaniambia, "Dada, funga buti, nyamaza, fika, rudi. Wakubwa watamalizana." Hakuwa mjinga kusema hivyo. Nilitamani sana kumsikiliza.

Nikampigia Madam. Akasema tu, "Usiondoke hapo."

Halafu nikawapigia polisi. Mimi mwenyewe. Nilisema jina langu, gari, mahali, na kwamba sitaligusa kasha. Nikaweka ufunguo juu ya boneti, nikakaa kivulini pembeni, mikono juu ya magoti ili wakija waione.

Walikuja. Walikuwa wapole, jambo lililoniogopesha zaidi.

Jumapili, 15 Novemba

Nimetoka kituo cha polisi asubuhi hii. Hata ya jana nimeyaandika leo.

Afisa aliniuliza swali moja kwa njia nyingi: nani aliiweka? Nikajibu sijui, sikuona. Ningeweza kuapa ni Rashid. Nilieleza alivyoniambia kwenye simu, basi.

Rashid alifika amevaa kanzu nyeupe kabisa, ananukia udi. Akaketi, hakuniangalia. Akasema huenda dereva aliisahau kwenye buti tangu Ijumaa ile ya klabu. Akasema watu wa nchi za nje wanasahau sana. Alisema kwa utulivu, kama anazungumzia mwavuli.

Nilijiona nimefungwa. Kweli. Nilimfikiria mama Machakos akiambiwa na watu wa kanisani kwamba binti yake alikamatwa na bastola Uarabuni.

Madam aliingia na kibali cha Sir mkononi. Hakuketi. Aliongea Kiarabu, polepole, nami nikakielewa chote. Alisema: mume wangu alilifungia kasha kabatini, na jana alfajiri nilimwona mwanangu akilitoa. Nilidhani anaenda kulificha wadogo zake wasigombane. Dereva hakuligusa.

Rashid akamwangalia mama yake. Sijawahi kuona mtu akiangaliwa hivyo.

Bastola imebaki polisi. Rashid alibaki pia, kwa maswali. Mimi nikaambiwa khalas, yameisha, nenda.

Nilitoka bila kumshukuru Madam.

Jumanne, 17 Novemba

Nimelala tu. Mwanaisha ameomba msamaha kwa ushauri wake. Nikamwambia aache. Angekuwa yeye, ningemshauri hivyo hivyo.

Nasubiri kufukuzwa. Hakuna aliyepiga simu. Heri wangenifukuza nijue.

Ijumaa, 20 Novemba

Madam alipiga jana. Nije leo kama kawaida.

Rashid ameachiliwa, kesi inaendelea. Yuko shambani kwake, hapokei simu za mama yake. Mpishi ndiye aliyeniambia, akikata vitunguu, bila kunitazama. Nyumba nzima inaniogopa sasa. Au inanilaumu. Sijui tofauti.

Jumapili, 29 Novemba

Nilimpeleka Madam hospitali. Sir ameanza kusogeza vidole. Bado hajaambiwa chochote.

Tulipofika mlangoni Madam hakushuka. Nilingoja. Watu walipita na maua, na mtoto mmoja mgongoni mwa baba yake.

Akasema, "Leo Rashid angekuja kula kwangu. Kila Jumapili alikuja."

Nilimtazama kwenye kioo, akawa ananitazama pia, na hakuna aliyeondoa macho.

Mlinzi alipunga mkono nisogeze gari. Nikamwonyesha ishara angoje. Nikazima injini.

Tulikaa hapo mpaka alipokuwa tayari kushuka.