Tumekuacha Kwenye Vumbi

Baba Nakiete wangu,

Tumehama. Nimeona nikwambie mwenyewe, hata kama barua hii haina pa kukufikia.

Unakumbuka tulivyoshuka kutoka milimani Chome baada ya harusi? Ulitangulia na godoro kichwani, ukasema kule tambarare ya Same tutapata shamba la kutosha. Ukapanda mipapai, ukatundika mizinga kwenye migunga. Mwaka ule asali ilikuwa nyingi hadi tukawagawia majirani.

Kisha ukaja mtambo wa kusaga kokoto. Mwanzoni vumbi lilikuwa kama mchezo, Nakiete akichora kwa kidole juu ya majani. Nikawa nafuta mipapai kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, na kesho yake yote ni meupe tena. Maua yakapukutika kabla ya kushika tunda. Mbuzi wakakohoa kama watu. Siku moja ulifungua mzinga ukakuta masega matupu. Ukakaa chini. "Nyuki wamepata akili kabla yetu," ulisema. Jirani yetu Mmaasai naye akaswaga ng'ombe wake mbali, hakurudi.

Ulikwenda kwa msimamizi wa mtambo. Ulimwomba kitu kimoja tu, wamwagie mawe maji kabla ya kuyasaga.

"Kaka, maji ya kunywa yenyewe hayatoshi," alikujibu. "Na vumbi haliui mtu."

Ulinisimulia maneno hayo huku unakohoa.

Hospitali walisema mapafu yamechoka. Wewe, ambaye hukuwahi kuvuta sigara. Mwishoni ulikuwa unalala umekaa, mgongo wako kifuani kwangu, nami nasikiliza kila pumzi nikidhani ndiyo ya mwisho, hadi ikawa kweli. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Chome, tukakuzika pale pale nyuma ya nyumba.

Ningebaki nawe. Lakini Nakiete naye akaanza kukohoa, kikohozi kile kile chako, kikavu. Nikampigia mama yako simu. Sikumaliza hata shikamoo.

"Mlete mtoto leo," alisema. "Nimeshazika mmoja."

Sasa tuko kwake, Chome. Kuna baridi, na majani ya migomba yana rangi yake. Nakiete bado anakohoa, ila anaweza kukimbia kidogo, halafu anasimama na kushika kifua. Nikimwona hivyo hasira inanipanda upya. Mtambo unaendelea kusaga, na naambiwa kaburi lako limekuwa jeupe.

Jana alisimama ukingoni mwa shamba akatazama lile wingu la vumbi kule chini.

"Mama, baba tumemwacha humo?"

Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na namna nyingine ya kulisema.

Kwaheri, mume wangu. Nikijaliwa, nitajifunga kitambaa puani nishuke kukupalilia kaburi. Mtoto sitakuja naye.

Mkeo,
Mama Nakiete