Mtoto Mtulivu, Miaka Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha walimu. Mkuu kagundua intaneti! Kuna tovuti ya masomo ya bure, anasema — video, mazoezi, jukwaa la kuulizana maswali — kila mwalimu aitumie, hataki visingizio. Kisha akanigeukia. Nianze na hesabu za uwezekano, maana mwaka jana darasa zima la mtihani liliambulia patupu kwenye mada hiyo.

Liliambulia patupu kwa sababu sikuifundisha. Miaka kumi na tisa sijaifundisha. Kila mwaka nikifika ukurasa ule nasema "tutarudi", na hatujawahi kurudi. Siielewi! Basi, nimeandika. Daftari hili halina mdomo.

Jumatano, 5 Machi

Leo Wakili — ndivyo ninavyomwita yule binti wa dawati la nyuma, mbishi, kila kitu ana hoja — kanyoosha mkono. Mwalimu, kwenye uwezekano tunarudi lini? Darasa likaangua kicheko. Nikamtoa nje. Nikamwandikia Mkuu barua papo hapo: hana nidhamu, hesabu hajui, aondolewe darasa la mtihani, arudie mwaka. Mtihani uliopita kapata alama thelathini na moja! Ushahidi upo. Nilipofika nyumbani nikalala mchana, usingizi mtamu kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejiunga na ile tovuti. Wanauliza: mwalimu au mwanafunzi? Nikibonyeza mwalimu, watu wataniuliza maswali. Nikabonyeza mwanafunzi. Umri? Kumi na sita. Jina nikajipa Mtoto Mtulivu. Baba watoto akachungulia, akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mtu hata kugawanya hajui, anacheka nini?

Jumapili, 9 Machi

Video nimeitazama mara nne. Kijana anaongea mbio kama anafukuzwa. Nikauliza jukwaani, akanijibu mmoja anajiita Kiboko ya Hesabu. Majivuno hayo! Usiogope mdogo wangu, kaandika. Mdogo wangu! Mimi nina wajukuu wawili!

Akasema nitie vifungo kwenye kopo, vitatu vyekundu, vitano vyeupe. (Nimevitoa kwenye mashati ya baba watoto. Atajua mwenyewe.) Nichomoe viwili bila kutazama. Cha kwanza kuwa chekundu: tatu juu ya nane. Na cha pili? Nikajibu tatu juu ya nane tena. Akauliza: kile cha kwanza umekirudisha? Si bado unacho mkononi?

Nikatazama mkono. Kifungo kipo! Kwenye kopo vimebaki saba, vyekundu viwili. Mbili juu ya saba! Jamani, miaka kumi na tisa, kumbe ni hivyo tu. Machozi yalinitoka.

Jumatano, 12 Machi

Kiboko ana subira ambayo mimi sina. Nimekosa mara sita, hajanifokea hata mara moja. Nikamuuliza kajifunza wapi. Humu humu, anasema, kwa simu ya mama, maana mwalimu wake anaikimbia mada hii. Nikamjibu: walimu wengine hovyo kabisa!

Ijumaa, 14 Machi

Kiboko katuma picha ya daftari lake nione hatua zote. Juu ya ukurasa kuna swali la zamani, kalipata, tena kwa njia fupi kuliko yangu. Pembeni wino mwekundu: ACHA UJUAJI! Sifuri.

Mwandiko ule naujua. Ni wangu. Na maneno hayo huwa namwandikia mtu mmoja tu.

Wakili.

Chai imepoa.

Jumatatu, 17 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu, goti ndiyo meza. Ndani nimemwambia barua ile naifuta, binti hesabu anazijua, tena sana. Mkuu kavua miwani. Juzi juzi tu uliandika hajui, mwalimu. Umejuaje? Bahati simu yake ikalia. Akasema nisubiri nje, akimaliza nimjibu.

Nje nani? Wakili na mama yake, ncha ya pili ya benchi. Wameitwa kuambiwa habari za kurudia mwaka. "Shikamoo mwalimu," kasema, bila kinyongo chochote. Afadhali angenitukana! Mama yake kanishukuru kwa kumvumilia mwanawe. Nimeona aibu mpaka masikio yanawaka. Nimefungua daftari nisimtazame mtu usoni.

Binti kaomba simu ya mama yake. Anaandika kitu, kainamisha kichwa.

Yangu imetetemeka mfukoni. Kiboko. "Mdogo wangu, leo sitakuwepo, kuna shida shuleni. Wewe usiache. Rudia swali la saba, na kifungo usikirudishe."

Mlango umefunguliwa. Mkuu kasimama pale pale mlangoni, hata ndani haniiti. Haya mwalimu, anasema, umejuaje?

Mama anasubiri. Wakili naye kainua kichwa, ananitazama.