Maua Yasiyotaka Kubembelezwa

Mpendwa Mama,

Nimekaa kwenye kizingiti chako hapa mtaani Mbotela, kitambi kimelala magotini, na habari ninazo: maua yako yamechanua. Usifurahi haraka. Nusura niyaue.

Unakumbuka ulipoyapanda? Gazania, vijimaua vifupi vya rangi ya chungwa, vinavyofumbuka jua likiwaka na kujifumba likizama. Laini yetu yote ya nyumba ilimwaga maji ya kufulia mlangoni kutuliza vumbi, nami nikayamwagia maua nikijiona mtoto mwema. Ukanikamata sikio. "Wewe Mutinda, haya ni kama watu wa kwetu Kitui. Ukiyabembeleza yanakufa." Kisha ukanituma niokote kokoto za ukuta uliobomoka, ukazichanganya na mchanga, ukainua tuta.

Jirani akakuchokoza: "Mama Mutinda, unapanda ama unajenga?"

"Najenga," ukamjibu, wala hukuinua kichwa.

Basi tulipotoka kukuzika, nilisahau yote. Wengine hulia kwa leso. Mimi nililia kwa ndoo. Asubuhi maji, jioni maji, na mbolea ya ng'ombe magunia mawili. Majani yakanenepa kama mimi, ua hata moja hakuna. Halafu mizizi ikaanza kuoza. Likabaki shina moja tu pembeni, mahali ambapo mkono wangu na ndoo yake haukufika.

Hapo ndipo sikio lilipouma tena. Nikauondoa ule udongo mzito wa mbolea, nikarudisha kokoto na mchanga, nikakata vichipukizi vya lile shina na kuvipanda palepale juani. Maji nikayatia mara moja kwa wiki, mikono ikiniwasha kuongeza. Ua likinyauka nalikata, lingine linatoka.

Leo Mama Wairimu wa mlango wa pili amesimama akatazama. "Baba, haya huchanua mpaka lini?"

"Mwaka mzima, mradi usiyapende kupita kiasi."

Akacheka. Mimi sikucheka sana, Mama. Nilikuwa nimeogopa kwamba nimekuzika mara mbili.

Sasa siogopi. Miche kumi na miwili iko tayari kwenye mikebe, na Desemba naileta Kitui, kwenye kaburi lako, pale mteremkoni penye jua la kutwa. Nitakuja na jembe na kokoto.

Ndoo naiacha Mbotela.

Pumzika, Mama.

Ni mimi, kifungua mimba wako mwenye sikio zito