Siku Niliyoanika Dagaa

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Mkuyuni hatujambo, na shangazi yako wa Igoma amejifungua mtoto wa kiume.

Umeniuliza kwa nini utabiri wa hali ya hewa ukianza redioni nawanyamazisha watu wote, na wakati nyumbani hatuna hata mtumbwi.

Usichanani mwangu nilikuwa nikianika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Wavuvi walitutazama sisi: wanawake wakianika, basi hali ni nzuri. Asubuhi moja redio ilitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa ziwani. Nilisikia. Lakini haikutaja mvua, na mimi niliogopa mvua tu, nikaanika.

Kaka yangu Masalu akapita na kasia begani.

"Umeanika? Basi leo kuko shwari," akasema, akacheka.

Nilikuwa nimeinama nikitandaza. Sikumjibu.

Jioni wenzake waliuleta mtumbwi wake mtupu wakiuburuta. Yeye hajaonekana mpaka leo.

Krismasi, kabla hujapanda boti kwenda Ukerewe, nipigie simu kwanza. Nitakuwa nimeshasikiliza.

Mvua haikunyesha siku ile, Neema. Dagaa walikauka vizuri kuliko siku zote.

Bibi yako.